Walipewa Ekari 160, Wakapewa na Unga

Tangu rasheni ilipopunguzwa, neno tunalolisikia sana kwenye mikutano ni kujitegemea. Limeandikwa kwenye mabango, linarudiwa na wageni wanaoshuka kwenye magari meupe, na sisi wa kujitolea tunawatafsiria wazee kila siku mpaka wazee wenyewe wanalimalizia kabla hatujalitamka. Hatulipingi. Nani anapenda kusimama kwenye foleni na kadi mkononi tangu saa kumi na mbili asubuhi? Lakini mwezi huu tumepata mahali pa kulitazama neno hilo kwa jicho lingine, na mahali penyewe si hapa Uganda wala nyumbani Kongo. Ni Marekani, katikati kabisa, kwenye zile nyika za nyasi zinazoitwa prairi.

Msishangae. Ndugu zetu wako huko. Tulipokuwa wadogo tulidhani mtu akipata safari anashukia New York, kwenye maghorofa. Kumbe wengi wameshukia Des Moines, Omaha, Sioux Falls, Fargo, na walioenda Kanada wako Winnipeg au Saskatoon. Wanatutumia picha, tunatafuta maghorofa, tunaona mahindi. Mahindi mpaka mbingu inapoanzia. Wakati wa baridi wanatuma picha nyingine, mahindi hayapo, ni theluji tu.

Basi dada yetu mmoja, aliyekuwa anaongoza kwaya hapa kabla ya kusafiri, alitupigia simu ya video kutoka mahali panapoitwa Living History Farms, pale Urbandale, kando ya Des Moines. Alikuwa amemsindikiza mtoto na wenzake wa shule. Tulikuwa kumi na wawili kwenye chumba cha vijana, simu moja, bando la kuchangishana. Akatuambia, "Ndugu zangu, leo nawapeleka kijijini."

Ni makumbusho, lakini si ya vitu vilivyofungiwa kwenye kioo. Ni mashamba kweli. Yalianzishwa 1970 na profesa wa uchumi wa kilimo, William Murray, aliyeona kwamba watoto wa Iowa wanasahau jinsi babu zao walivyolima. (Wakatoliki wa kikundi chetu walifurahi kusikia kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alifika hapo tarehe 4 Oktoba 1979.) Unatembea kutoka shamba hadi shamba na unapita miaka. Kuna shamba la mwaka 1700 la Waioway, wenyeji wa nchi ile. Kuna shamba la 1850 la walowezi wa kwanza, lina nyumba ya magogo na maksai. Kuna la 1900, linalolimwa kwa farasi. Wafanyakazi wamevaa nguo za zamani, wanalima, wanapika, na wanakujibu ukiuliza.

Pale kwenye nyumba ya magogo kulikuwa na mama mmoja mzungu, gauni refu, anakoroga sufuria juu ya moto wa kuni. Dada akasogeza simu karibu. Mama mmoja wa hapa kwetu, anayeuza mandazi mlangoni, alikuwa amechungulia juu ya mabega yetu. Akasema, "Lakini hiyo si bugali?"

Ilikuwa nyepesi zaidi, tuseme uji mzito, lakini mama hakukosea. Walowezi wa prairi waliishi kwa unga wa mahindi. Asubuhi uji wa mahindi, mchana mkate wa mahindi, jioni ule uji wa asubuhi umeganda, unakatwa vipande na kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kahawa ikikosekana walikaanga nafaka mpaka ikawa nyeusi, wakaisaga, wakainywa na kujidanganya. Na kwa kuwa miti ni michache kwenye nyika ile, wengi walipikia kinyesi kikavu cha nyati au majani makavu yaliyosokotwa kama kamba nene. Sisi ambao dada zetu wanafukuzwa porini kwa sababu ya mzigo mmoja wa kuni, jambo hilo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Si kila mtu alifurahi. Mwenzetu mmoja alisema wazi: "Tumekimbia jembe, mtu amefika Amerika, halafu anatuonyesha jembe?" Wengine wakacheka, lakini alikuwa anasema kilichokuwa moyoni mwa wengi. Kwetu shamba limekuwa kama adhabu. Mtoto akifeli anaambiwa utaishia kulima. Ndiyo maana tuliposikia kwamba huko watu wanalipa kiingilio ili waone mtu akipalilia, tulidhani wanatania.

Tukaanza kusoma. Na hapo ndipo tulipoanza kubishana kweli.

Tarehe 20 Mei 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kugawa ardhi. Mtu mzima, hata mgeni aliyekuwa bado anaomba uraia, aliweza kuandikisha ekari 160, ajenge nyumba, alime, akae miaka 5, na ardhi inakuwa yake. Ada zote pamoja zilikuwa kama dola 18. Familia zetu, tulipofika, zilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Tulikaa chini na kalamu tukapiga hesabu: katika ekari 160 vinaingia viwanja vyetu zaidi ya 700. Yaani alichopewa mtu mmoja pale, hapa ni sehemu nzima ya makazi, na shule, na zahanati, na kanisa na ugomvi wote wa majirani.

Karibu na mji wa Beatrice, jimbo la Nebraska, serikali yao imehifadhi mahali pa kukumbuka sheria hiyo, panaitwa Homestead National Historical Park. Ni kwenye shamba la Daniel Freeman, anayehesabiwa kati ya watu wa kwanza kabisa kuandikisha ardhi, tarehe 1 Januari 1863, siku sheria ilipoanza kazi. Eneo la kuegesha magari limepimwa liwe ekari moja kamili, ili mgeni akishuka aone ekari moja ni kiasi gani, halafu ajaribu kuizidisha mara 160 kichwani. Kuna pia nyumba ndogo ya magogo ya 1867, haizidi mita 5 kila upande, ambamo familia nzima yenye watoto wengi iliishi. Kwa nyumba hatukuwaonea wivu. Ni ile ardhi iliyokuwa nje ya mlango.

Kwenye majumba mengi ya aina hii, simulizi inayopendwa ni moja: walikuja na mikono mitupu, hawakuomba mtu, wakajijenga. Hata watoto wa ndugu zetu wanafundishwa hivyo shuleni huko. Na kiukweli walifanya kazi ya kufa mtu, hatutaki kuwanyang'anya jasho lao. Lakini hadithi hiyo imekatwa mwanzo na katikati.

Chukueni familia ya Ingalls. Laura Ingalls Wilder aliandika vitabu vya watoto juu ya maisha ya wazazi wake kwenye prairi, na vimeuzwa dunia nzima. Pale De Smet, South Dakota, karibu saa mbili kwa gari kutoka Sioux Falls ambako baadhi ya watu wetu wanaishi, kuna shamba ambalo baba yake Charles aliliandikisha, na wageni wanalitembelea. Watoto wanaruhusiwa kusokota majani makavu na kusaga ngano kwa kinu kidogo cha kahawa, kwa sababu ndivyo familia ile ilivyoishi wakati wa baridi kali ya 1880 kuingia 1881. Theluji iliziba reli, treni za chakula hazikufika kwa miezi, mji mzima ukabaki na njaa, wakawa wanasaga ngano ya mbegu kidogo kidogo kwa kinu cha kahawa ili wapate mkate wa siku.

Tulisoma hapo tukanyamaza. Mama zetu wanapopokea mahindi yasiyosagwa wanauza sehemu ili wamlipe mwenye mashine asage yanayobaki. Mgawo unapungua kabla haujafika kwenye sufuria. Tuna hakika kuna mtoto wa kutoka hapa, leo yuko Sioux Falls, atakayezungusha kinu kile kwenye safari ya shule na asijue kwamba bibi yake alikuwa anasaga kwa jiwe. Nani atamwambia?

Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea kabla ya De Smet. Familia hiyo iliishi kwanza Minnesota, na hapo ikakutana na nzige. Miaka ya 1870 nzige wa Milima ya Rocky waliteremka prairi kwa mawingu, wakala ngano, wakala mboga, wakala hata nguo zilizoanikwa. (Nzige wa aina hiyo wametoweka kabisa duniani, ni ajabu lakini ni kweli. Wale walioingia Uganda 2020 kule Karamoja ni wa aina nyingine.) Charles Ingalls alipoteza mavuno, akaenda kwa miguu kutafuta kibarua cha kuvuna mashamba ya wengine, kama baba zetu wanavyokwenda kwenye migomba ya wenyeji. Na mwaka 1875 alitia sahihi kiapo kwamba hana kabisa njia ya kujikimu. Ndipo akapewa unga wa msaada.

Kwenye vitabu vya binti yake habari ya kiapo hicho haimo.

Sisi tunazijua karatasi hizo. Tunawashika wazee mkono waweke dole gumba, tunaona wanavyogeuza uso pembeni. Kwa hiyo hatumcheki Charles Ingalls hata kidogo. Tunachosema ni kwamba mtu anayetolewa mfano wa kujitegemea alisimama kwenye foleni kama sisi, na aibu yake ilikuwa kubwa mpaka familia ikaificha.

Na hakuwa peke yake. Kansas na Nebraska, baada ya nzige wa 1874, kamati za msaada ziliundwa, mapipa ya chakula na nguo yakasafirishwa kwa treni, jeshi likagawa makoti na viatu, bunge lao likatoa fedha za chakula na mbegu. Walowezi wakaruhusiwa hata kuondoka kwenye mashamba yao kwa muda bila kunyang'anywa. Lakini pia walikuwepo waliosema msaada utawaharibu watu. John Pillsbury, aliyekuwa gavana wa Minnesota kuanzia 1876, mtu wa familia ya viwanda vya unga, aliogopa kwamba serikali ikiwapa watu chakula watazoea kuomba. Aprili 1877 alitangaza siku ya maombi ili nzige waondoke. Tuliposoma hayo mwenzetu mmoja akasema, "Huyu bwana si alikuwa kwenye mkutano wetu wa Jumanne?" Tulicheka mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Wafanyakazi wa mashirika, tunawaheshimu, wengine mmekuwa kaka na dada zetu, na tunajua si ninyi mnaopanga bajeti. Lakini mnapotufundisha kujitegemea, semeni yote yanayoambatana nalo. Wale watu walipewa ardhi. Walipewa miaka 5, na bado wengi hawakufika mwisho, waliacha mashamba wakarudi walikotoka. Walipopigwa na nzige walipewa unga, mbegu na muda. Sisi tunapewa mradi wa miezi tisa, mafunzo ya siku tatu, kuku watano, halafu mtu anakuja na fomu kuuliza kama tumeshajitegemea. Uganda imetupa haki ya kufanya kazi na kutembea, na hiyo ni kubwa, wenzetu walio nchi nyingine hawana. Tunashukuru kwa dhati. Lakini haki ya kufanya kazi juu ya mita 30 kwa 30 za mawe ina mwisho wake.

Sasa tungeishia hapa tungepata makofi mengi. Ila kuna sehemu ya safari ile ambayo hatujaisimulia.

Dada alipokuwa anatembea na simu, shamba la Waioway lilikuwa la kwanza, na alipita haraka kwa sababu watoto walitaka kuona maksai. Sisi tuliona vibanda tu vya magome ya mti na bustani ndogo. Mwishoni mmoja wetu akamwambia, "Yaya, tafadhali, rudi pale mwanzo." Akarudi, maskini, jua kali na bando linakwisha.

Waioway walipanda mahindi, maharagi na maboga pamoja kwenye matuta. Maharagi yanapanda juu ya bua la mhindi, majani ya boga yanafunika udongo usikauke. Wanawake ndio walikuwa wenye mashamba. Walikausha chakula na kukihifadhi kwenye mashimo ardhini kwa ajili ya baridi. Mama wa mandazi alipoona bustani ile alisema neno moja tu, "Nyumbani." Na hata yale mahindi ya walowezi, na ya Iowa nzima leo, na bugali yetu sisi, chanzo chake ni watu wa asili wa bara lile. Mahindi hayakuzaliwa Afrika, yaliletwa kwa meli. Kwa hiyo mlowezi wa 1850 alikuwa anakula chakula cha watu ambao tayari walikuwa wameondolewa.

Maana waliondolewa. Mwaka 1837 wajumbe wa Waioway walikwenda mpaka Washington wakiwa na ramani waliyoichora wenyewe, yenye mito na vijiji vya mababu zao, kuonyesha kwamba nchi ile ni yao. Aliyeisimamia ni kiongozi aitwaye No Heart. Ramani hiyo imehifadhiwa na serikali ya Marekani mpaka leo. Nchi yenyewe hawakurudishiwa. Kwa mikataba ya miaka ile ile ya 1830 walihamishiwa eneo dogo kwenye mpaka wa Kansas na Nebraska, na jimbo likabaki na jina lao. Fikiria wilaya yenu inaitwa kwa jina la ukoo wenu na ninyi hamruhusiwi kulima hapo. Sisi tunaozunguka na karatasi zetu kwenye mfuko wa plastiki, tukitumaini kwamba siku moja zitamshawishi mtu fulani, tuliielewa ramani ile kuliko tulivyotaka.

Basi zile ekari 160 tulizokuwa tunazihesabu kwa wivu zilikuwa za nani?

Katika kikundi chetu kuna kijana mmoja mwenyeji, Mganda wa hapa hapa. Alikuwa amekaa kimya muda wote. Akasema kwa upole kwamba mahali tulipojenga chumba cha vijana, babu yake alikuwa anachunga ng'ombe. Hakuwa analalamika, tulikuwa tunazungumza juu ya Iowa. Hatukuwa na jibu. Sisi hatukuja na bunduki wala hatukumfukuza babu yake, tulikuja na magodoro kichwani tukaonyeshwa pa kukaa. Lakini mlowezi masikini kutoka Norway au Ujerumani naye angeweza kusema maneno hayo hayo: nilionyeshwa, nikapima, nikalima. Tunapodai ardhi zaidi, na tutaendelea kudai, itabidi tudai tukimwangalia yule kijana usoni. Bado tunabishana jinsi ya kufanya hivyo. Wengine wanasema tukodi mashamba kwa wenyeji pamoja kama kikundi, wengine wanasema hiyo ni kazi ya serikali na mashirika. Leo hatumalizi.

Kuna makumbusho moja zaidi ambayo tunataka muijue, na ndiyo iliyotugusa kuliko zote: Nicodemus, jimbo la Kansas. Mwaka 1877 watu weusi waliokuwa wametoka utumwani, wengi wao kutoka Kentucky, walishawishiwa na matangazo mazuri kwenda kuanzisha mji wao kwenye prairi. Mama mmoja aliyefika mwaka uliofuata, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba wenzake walipopiga kelele kuwa wamefika, yeye hakuona mji. Aliambiwa aangalie ule moshi. Moshi ulikuwa unatoka ardhini, kwa sababu watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyoyachimba. Akalia. Baridi ya kwanza ilikuwa ya njaa, na Waosage waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama. Watu waliokuwa wamenyang'anywa nchi waliwalisha watu waliokuwa wamenyang'anywa miili yao. Mji huo haukufa, na tangu 1996 umehifadhiwa na taifa.

Kila mmoja wetu anaikumbuka siku ya kushuka kwenye lori. Mnaambiwa mmefika, unaangalia, unauliza mmefika wapi.

Najua mtauliza: kwa nini tunaandika juu ya mahali ambapo wengi wetu hatutafika? Swali la haki. Kuna waliokuwa wameshapimwa afya na kugawa vyombo kwa majirani, na Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa. Kuna waliorudi kuomba masufuria yao. Hatuandiki kuwachoma vidonda. Tunaandika kwa sababu walioko huko wana kitu mlangoni mwao ambacho hawakitumii, na sisi huku tunakihitaji.

Ninyi mlioko Iowa, Nebraska, Kansas, Dakota: nendeni. Beatrice na Nicodemus hakuna kiingilio. Living History Farms mnalipa, na wakati wa baridi mashamba yanafungwa, kwa hiyo msisubiri Krismasi. Msipeleke watoto peke yao na mwalimu. Pelekeni na mama zenu. Dada yetu alitusimulia kwamba mama mkwe wake, ambaye tangu afike amekuwa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na dirisha kwa sababu Kiingereza kimemshinda, walipomrudisha siku nyingine aliona kinu cha kutwangia mahindi, kinu cha mti kama chetu. Akaomba mchi kwa ishara. Akatwanga, akapepeta kwa mkono, akamwonyesha yule mhudumu kwamba anasimama vibaya, mgongo utamuuma. Mjukuu ndiye aliyetafsiri. Mtoto huyo, anasema dada, alikuwa hajawahi kusikia bibi yake akimfundisha mtu kitu tangu wafike Amerika. Jioni ile bibi aliuliza ni wapi mtu anaweza kupata shamba la kulima. Kule Des Moines upo mradi wa mashamba ya wakimbizi unaoitwa Global Greens, ulioanzishwa na shirika la Walutheri, na ndugu zetu kutoka Burundi na Rwanda wamelima huko mboga za kuuza. Bibi sasa anataka lenga lenga.

Na mkifika hapo, ulizeni maswali. Ulizeni unga ulitoka wapi mwaka wa nzige. Ulizeni waliokuwa hapa kabla walikwenda wapi. Wahudumu wale wanapenda kuulizwa, ndiyo kazi yao, na mara nyingi wanajua zaidi ya kilichoandikwa ukutani. Kisha mtupigie.

Ninyi mnaofundisha masomo ya kabla ya safari, siku zitakapofunguka tena: mnatuonyesha friji, king'ora cha moto, mkanda wa gari na jinsi ya kutembea kwenye barafu. Vizuri. Ongezeni saa moja tu ya habari hii. Mtu ajue anakwenda kwenye nchi ambayo watu wake nao walifika na njaa, wakapikia mavi ya nyati, wakapewa unga, wakasahau. Itamsaidia siku ya kwanza atakapoulizwa kwa nini hajajitegemea bado.

Jumamosi ijayo saa tisa alasiri simu itatoka Kanada. Kaka yetu aliyeko Winnipeg ameahidi kufika Steinbach, kwenye makumbusho ya Wamennonite waliohama Urusi kuanzia 1874 kwa sababu ya imani yao, kuna na kinu cha upepo cha kusagia ngano. Njooni mapema, chumba ni kidogo. Kila mtu shilingi 500 za bando. Mama wa mandazi ameshaandikisha swali lake: anataka kujua viazi walivihifadhi vipi chini ya theluji bila kuoza, maana vyake vinaoza hata hapa kwenye jua.